Midia mpya: Maana yake na masaibu ya vijana wanaoitumikia Mombasa bara

JUMAPILI jioni, Septemba 29, 2019, gari lilirudi kinyumenyume kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, likatumbukia baharini likiwa na mama na bintiye mdogo. Muda mfupi baadaye, video iliyopigwa kwa simu na walioshuhudia ilianza kuenea nchini kote. Hadi miili ya marehemu ilipoopolewa Oktoba 11, Wakenya wengi walifuatilia juhudi za wapiga mbizi kwenye viganja vya mikono yao na kwenye runinga.

Tukio hilo la majonzi lazusha swali ambalo sheria zetu na vyumba vyetu vya habari bado havijalijibu sawasawa. Anayesimama kivukoni na simu, akanasa tukio na kulipeleka kwa maelfu ya watu, aitwe nani? Ni shahidi, ni mwanahabari au ni mfanyakazi? Na iwapo afanya hivyo kila siku kwa nia ya kupata riziki, ni nani mwajiri wake?

Swali hili si la wataalamu wa istilahi pekee. Mtu asiyekuwa na jina kazini hana mkataba, hana bima, hana akiba ya uzeeni, wala hana pa kushtakia anapodhulumiwa.

Maana ya midia mpya

Midia mpya, au vyombo vipya vya habari, ni jina la jumla la njia zote za kuunda, kusambaza na kupokea habari, burudani na matangazo kwa mfumo wa dijitali, kupitia intaneti na simu. Humo mna tovuti za habari, blogu, redio na runinga za mtandaoni, podikasti, chaneli za YouTube, kurasa za Facebook na TikTok, hata makundi ya WhatsApp ya mtaani.

Mambo matatu huzitenga na gazeti au redio ya kawaida. Kwanza, mpokeaji wa habari aweza kuwa mtoaji papo hapo. Pili, hakuna saa ya gazeti kwenda mtamboni. Kazi haina mwanzo wala mwisho wa siku. Tatu, mwenye njia ya kusambazia si mwenye habari. Kampuni zilizo ng'ambo ndizo zinazoamua, kwa kanuni za tarakilishi, ni kipi kionekane na kipi kizame.

Tasnia ya midia mpya ni pana kuliko vyombo hivyo. Wanaoitumikia wanaweza kugawika katika makundi manne. Kuna waundaji wa maudhui: waandishi, wachekeshaji, wapiga picha na watangazaji. Kuna mafundi: watengenezaji wa tovuti, wahariri wa video na wasanifu wa michoro. Kuna wauzaji: wanaosimamia kurasa za maduka, hoteli na wanasiasa, pamoja na wale wanaolipwa kusifu bidhaa. Mwisho ni watumishi wasioonekana: wanaochuja picha chafu na ujumbe wa chuki, na wanaopanga data za kufunzia mitambo ya akili bandia.

Kijana mmoja wa Mtongwe au Mshomoroni huweza kuwa katika makundi matatu kwa siku moja. Asubuhi apiga picha za harusi, alasiri ahariri video ya mgombea udiwani, usiku arusha kichekesho chake mwenyewe. Sensa na takwimu za ajira haziwezi kumhesabu kwa urahisi, naye mwenyewe akiulizwa kazi yake hujibu kwamba anahangaika tu.

Huzaliwa Mombasa, hukulia Nairobi

Mombasa si mgeni katika mambo ya habari. Mwaka 1902, mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee alianzisha mjini humo gazeti la African Standard, ambalo leo ni The Standard. Makao yake yalihamishiwa Nairobi mwaka 1910. Mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Alikuwa mwandishi, mhariri na mchapishaji kwa pamoja, mithili ya wanablogu wa siku hizi.

Historia ikajirudia mwaka 2009. Kabla ya hapo, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na nchi za nje, na gharama ilikuwa kubwa. Mwaka huo nyaya mbili za baharini zilifika Mombasa: TEAMS, iliyotoka Fujairah katika Milki za Kiarabu, na SEACOM. Nyingine zilifuata. Kila mtu nchini anayetazama video leo ana deni kwa ufuo huo.

Hata hivyo, wahenga hawakukosea waliposema mfinyanzi hulia gaeni. Waya ulitua Pwani, lakini wakala wakubwa wa matangazo, makao makuu ya vyombo vya habari na kampuni zilizoajiri vijana kwa mamia zilijikita Nairobi.

Ndani ya Mombasa kwenyewe mna pengo jingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hiyo. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na watu 154,171, yaani takriban mtu mmoja kati ya wanane. Kisauni ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Maeneo bunge ya Nyali na Jomvu, yaliyomegwa kutoka Kisauni na Changamwe mtawalia na kupata wabunge wao wa kwanza mwaka 2013, yalikuwa na waliosalia.

Wakazi wako bara, ilhali asasi muhimu ziko kisiwani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Swahilipot Hub, kituo kilichoanzishwa mwaka 2016 kuwakutanisha vijana wa teknolojia na sanaa, kiko karibu na Fort Jesus. Kijana wa Likoni mara nyingi hungoja feri. Wa Kisauni apite Daraja la Nyali. Wa Changamwe apitie Makupa. Nauli na muda huo ni gharama ya kazi ambayo hakuna anayemrudishia.

Mkataba usioandikwa

Tatizo la kwanza la wafanyakazi hawa ni mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo chamlinda pia kibarua: akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, ajira yake huweza kuhesabiwa kuwa ya kulipwa kwa mwezi, na stahili zake hubadilika.

Lakini sheria hiyo humhusu mwajiriwa. Anayehesabiwa kuwa mtoaji wa huduma, yaani mtu anayejitegemea aliyepewa kazi maalumu, yuko nje ya ukuta huo. Hapo ndipo ujanja hupita. Mhariri wa video aweza kufika ofisini kila siku saa mbili, akapokea amri za mkubwa mmoja kwa miaka miwili, na bado akaitwa mtu wa kujitegemea. Mwandishi wa mashinani anayelipwa kwa idadi ya habari zinazochapishwa aijua hali hiyo tangu enzi za magazeti pekee. Midia mpya haikuizua, imeieneza.

Malipo na kodi

Tatizo la pili ni pato. Ili YouTube impe mwenye chaneli sehemu ya fedha za matangazo, kanuni iliyowekwa mwaka 2018 yamtaka awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Baadaye njia nyingine iliongezwa kwa video fupi, nayo yataka zitazamwe mara milioni 10 katika siku 90. Kabla ya kufika hapo, kazi yote ni ya bure: data, umeme, nauli na simu ni juu ya mwenyewe. Akishafika, kanuni za kampuni zikibadilika usiku mmoja, hana meneja wa kumwendea.

Serikali nayo imekwisha kuitambua kazi hii kwa upande wa ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya asilimia 5, inayokatwa kabla mkazi wa Kenya hajalipwa pato la maudhui ya dijitali. Pendekezo la awali lilikuwa asilimia 15. Hivyo basi, mtu ambaye sheria ya ajira haimwoni, sheria ya kodi yamwona vizuri.

Hatimiliki

La tatu halijulikani na wengi, nalo huwagharimu zaidi wapiga picha. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa na mteja, au iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini, huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Kijana wa Chaani anayepiga filamu ya tangazo bila kuandikiana na mteja asishangae akiiona ikitumiwa miaka mitano baadaye bila yeye kupata hata senti. Sentensi moja kwenye karatasi ya makubaliano ingetosha kumwokoa.

Sheria na hatari

Tatizo la nne ni kufanya kazi ya habari bila kinga ya wanahabari. Baraza la Vyombo vya Habari huwapa vitambulisho wanaotimiza masharti yake. Asiye nacho aweza kufukuzwa kwenye kikao au mahali pa tukio, na akikosea hana mhariri wala wakili wa kampuni.

Yako mambo yaliyolegezwa. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichotumiwa kuwashtaki watu kwa waliyoyaandika mitandaoni. Februari 2017 ikabatilisha kosa la jinai la kuharibiana jina. Lakini mwaka 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao, ambayo ilipopitishwa iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa anayechapisha uongo kwa makusudi. Chama cha wanablogu, BAKE, kiliipinga mahakamani mwezi uo huo wa Mei.

Kuna pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Anayesimamia ukurasa wa madrasa au shule ya chekechea huko Bombolulu anapaswa kulijua jambo hilo kabla ya kubonyeza kitufe.

Afya ya akili

Mwisho ni madhara yasiyoonekana. Mei 2022, mmoja wa waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi alizishtaki kampuni za Meta na Sama. Mwaka 2023 wengine zaidi ya 180 walifuata mahakamani, na Mei mwaka huo wafanyakazi wapatao 150 wakapiga kura ya kuunda chama chao. Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa nchini Kenya. Desemba mwaka huo ikafichuka kwamba uchunguzi wa kitabibu uliowasilishwa katika kesi hiyo uliwakuta zaidi ya 140 miongoni mwao na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe.

Hao walikuwa na mwajiri wa kumtaja mbele ya jaji. Kijana aliyenasa maiti ikiopolewa Likoni, akaihariri usiku peke yake chumbani, hana wa kumtaja.

La kufanya

Chama cha Wanahabari nchini, KUJ, kilianzishwa mwaka 1962, enzi ambapo mwanahabari alijulikana kwa dawati lake. Vyama, serikali ya kaunti na waajiri wana jukumu la kupanua maana hiyo. Kipimo cha haki kiwe ni kazi yenyewe: ni nani anayeiamuru, ni nani anayefaidika nayo, na huendelea kwa muda gani. Aidha, mafunzo yavushwe maji yawafuate vijana walipo, na yahusu sheria na maadili kama yanavyohusu kamera.

Kwa sasa, anayefanya kazi hii aanze na machache yaliyo mikononi mwake. Aandikiane na kila mteja, japo ukurasa mmoja, na ataje humo malipo, siku ya kulipwa na mwenye hakimiliki. Aweke nakala za kazi na jumbe zote za maagizo, kwani hizo ndizo ushahidi wa ajira. Aanze kuweka akiba katika NSSF, ambayo hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri. Na asichapishe sura ya mtoto au ya marehemu kwa pupa ya kuwa wa kwanza.

Waya zilizotua Mombasa zimeleta dunia hadi mlangoni pa Kisauni, Likoni na Changamwe. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba anayeilisha dunia hiyo kwa picha na maneno, naye ana jina, ana mkataba, na halali njaa.