Mkweche au Gari Kongwe? Historia ya Magari ya Zamani na Haja ya Istilahi Zake

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kwa muda mrefu methali hii imetawala fikra za watu juu ya gari. Gari jipya husifiwa. Likipata miaka huitwa kuukuu. Likizidi huitwa chakavu. Na likianza kukohoa barabarani watoto hulicheka na kuliita mkweche. Hata hivyo wako watu, katika nchi za mbali na hapa kwetu Afrika Mashariki pia, ambao hutumia saa zao za mapumziko na fedha zao wenyewe kulitafuta gari la namna hiyo, kulifungua nati kwa nati, na kulirudisha barabarani. Hawafanyi hivyo kwa kuwa hawana usafiri mwingine, bali kwa mapenzi tu.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mapenzi hayo yalivyoanza, na kuonyesha kwamba kila hatua ya historia yake ilikuwa pia hatua ya kutafuta majina. Jambo hili linawahusu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kwa sababu Kiswahili kina maneno ya kutosha kulieleza, lakini bado hatujayagawia kazi zake.

Kutoka dharau hadi heshima

Tarehe 14 Novemba 1896 wenye magari wa Uingereza walifanya msafara kutoka London hadi Brighton. Walikuwa wakishangilia sheria mpya iliyoondoa sharti la mtu kulitangulia gari kwa miguu, na kupandisha mwendo ulioruhusiwa hadi maili 14 kwa saa. Mwaka 1927 msafara huo ulirudiwa kwa kumbukumbu, ukihusisha magari ya miaka ile ya mwanzo. Watu waliyaita magari hayo kwa jina la mzaha, lenye ladha ileile ya mkweche wetu. Lakini mwaka 1930 wenyewe waliunda chama, na kwa jina la chama hicho wakachagua neno lililokuwa la askari mzee aliyepitia vita vingi.

Mwaka 1934 kiliundwa chama kingine kwa ajili ya magari ya mwendo kasi. Nacho kiliazima neno la wakulima wa zabibu, linalotaja mvinyo wa mavuno ya mwaka fulani, na leo neno hilo ni la magari yaliyoundwa tangu mwaka 1919 hadi 1930. Wamarekani walipounda chama cha magari ya fahari mwaka 1952, wao waliliendea neno la shule, lililozoeleka katika kutaja fasihi ya Wayunani na Warumi.

Yafaa tuzingatie kwamba hakuna hata moja kati ya maneno hayo lililobuniwa upya. Yote yalitolewa jeshini, shambani au shuleni, yakapewa kazi mpya. Nasi tumekwisha kufanya vivyo hivyo. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa gari, na rubani aliongoza merikebu kabla hajapanda ndege. Njia hii ya kukuza msamiati si ngeni kwetu hata kidogo.

Wale walioyageuza

Wakati Waingereza wakilinda magari yao yasibadilike, vijana wa California walikuwa wakifanya kinyume chake. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane. Vijana waliyanunua magari hayo yakiwa yametumika, wakaondoa madigadi na kila kizito kisichohitajika, wakaongeza nguvu ya injini, kisha wakashindana katika maziwa yaliyokauka huko jangwani. Vyama vyao viliungana mwaka 1937, na mwaka 1948 walipata jarida lao. Baada ya Vita Kuu ya Pili wengine walikata nguzo za paa ili kulishusha, wakaziba viungo vya bodi kwa risasi, na kupaka rangi tabaka juu ya tabaka.

Hapa ndipo penye fundo kwa mtunga istilahi. Mwaka 1997 mashindano ya umaridadi ya Pebble Beach, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ya magari yaliyorejeshwa, yalifungua kundi la magari hayo yaliyogeuzwa. Gari lililogeuzwa na vijana zamani sasa linarejeshwa na wazee, si katika hali ya kiwandani, bali katika hali ya kugeuzwa kwake. Basi ‘hali ya asili’ ni ipi? Mwaka 2001 mashindano hayohayo yaliweka kundi la magari yasiyorejeshwa kabisa, yenye rangi yake ya kwanza na ngozi ya viti iliyopasuka. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lilikubali Hati ya Torino, inayotenganisha kuhifadhi na kurejesha, kwa kufuata mfano wa Hati ya Venice ya mwaka 1964 juu ya majengo ya kale.

Hali ya Afrika Mashariki

Afrika Mashariki si mgeni katika habari hizi. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, tena mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Tangu mwaka 2003 yako mashindano maalumu ya magari ya zamani yanayofuata nyayo za mbio hizo. Magari hayo hayakutunzwa na matajiri peke yao. Yaliishi kwa mikono ya mafundi wa Gerezani na wa Grogan, waliochonga bushi pale spea ilipokosekana.

Mafundi hawa wana lugha yao: kushusha injini, kunyoosha bodi, kuchomelea, kupiga rangi. Maneno hayo ni hai na hayana haja ya kubadilishwa. Kinachokosekana ni jina la kusudi la kazi yote kwa jumla. Je, fundi amelihifadhi gari, amelirejesha, au amelifanya jingine?

Kwa upande wa sheria, umri wa gari umehesabiwa kuwa kasoro. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi umri uliowekwa. Sheria hizo zina sababu zake. Lakini karani asiye na neno jingine ila ‘chakavu’ hataweza kulitofautisha gari la miaka 60 lililotunzwa kama yai na lile lililookotwa jalalani.

Vitenzi vitatu

Mpaka sasa neno ‘kukarabati’ hubebeshwa mizigo yote. Tunapendekeza libaki kuwa neno la jumla, na chini yake viwekwe vitenzi vitatu. Kuhifadhi ni kuzuia uharibifu bila kuondoa kilichopo. Kurejesha ni kulirudisha gari katika hali iliyothibitishwa ya wakati fulani, na sharti wakati huo utajwe: ‘limerejeshwa katika hali ya mwaka 1966.’ Kugeuza ni kulipa umbo au nguvu ambayo halikuwa nayo.

Mtu wa pwani atauliza: jahazi likibadilishwa ubao mmoja mmoja, likatiwa kalafati na kupakwa deheni kila mwaka, si huitwa kwa jina lilelile? Naam, huitwa hivyo, kwa kuwa jahazi hutunzwa ili lisafiri. Gari la kihistoria hutunzwa pia ili lishuhudie, na shahidi aliyebadilishwa maneno si shahidi tena. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi.

Hitimisho

Kwa gari lenyewe tunapendekeza ‘gari kongwe’. Tayari twasema mwanasiasa mkongwe na mwandishi mkongwe, tukikusudia umri pamoja na heshima, kama Waingereza walivyokusudia kwa neno la askari wao. ‘Kuukuu’ na ‘chakavu’ yabaki kutaja hali, wala yasitaje umri. Na ‘mkweche’ liachiwe watoto na wacheshi, maana nalo lina kazi yake.

Anayeandika kibandiko cha makumbusho, hati ya mauzo au kifungu cha kanuni ajiulize kwanza kilichofanywa ni kipi kati ya vitatu, ndipo aandike. Maoni ya wasomaji, hasa walio karibu na mafundi, yatapokelewa kwa shukrani.