Buwati otomatiki na joto lake: Chaparral, 1965 mpaka 1967

Wengi wetu tunawaza kama buwati otomatiki ni mambo ya starehe tu: unakanyaga, gari inaenda, mguu wa kushoto unapumzika. Lakini historia yake katika mashindano inaonyesha kitu kingine. Ile starehe inalipiwa kwa joto, na joto likikosa njia ya kutoka, linaharibu.

Mwanzo wake ni ndani ya meli. Mwaka 1905, injinia Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa anatumika kwenye kiwanda cha meli huko Stettin, alipata breve ya kupitisha nguvu kwa njia ya kimiminiko. Gurudumu moja lenye mapanga linasukuma mafuta, mafuta yanazungusha gurudumu la pili. Vyuma havigusane. Ila gurudumu la pili linachelewa nyuma ya lile la kwanza, na nguvu inayopotea pale inageuka joto ndani ya mafuta.

Tufanye hesabu. Moteri inatoa kilowati 300, asilimia 90 inapita. Kilowati 30 zinabaki. Ni sawa na resho 30 za umeme, kila moja ya wati 1000, zinawaka pamoja ndani ya chombo chenye ukubwa wa sufuria.

General Motors ilitoa Hydra-Matic mwaka 1939, kwanza kwenye Oldsmobile. Wakati wa vita, buwati hiyo iliingia mpaka ndani ya kifaru M5. Lakini katika mashindano marefu, watu wengi walibaki na ambreyaji.

Jim Hall na Hap Sharp, wa Midland, Texas, walichukua njia yao. Kwa msaada wa Chevrolet, waliweka kigeuzi cha mafuta ndani ya gari yao Chaparral. Dereva alibadilisha vitesi kwa mkono, bila ambreyaji. Mguu wa kushoto ulibaki huru, na mwaka 1966 Hall akaupatia kazi mpya: kulaza bawa la nyuma ili gari ikate upepo vizuri.

Ilifaulu kweli. Mwaka 1965 Hall na Sharp walishinda saa 12 za Sebring. Mwaka 1966 Phil Hill na Jo Bonnier walishinda kilomita 1000 za Nürburgring, na moteri ya lita 5,4. Mwaka 1967 Chaparral 2F ikaja na moteri ya lita 7. Gari ilikuwa na mbio sana, lakini buwati ndiyo iliyokuwa inaachia njiani, hata kule Le Mans. Tarehe 30 Julai, Brands Hatch, Phil Hill na Mike Spence walishinda mashindano ya saa 6. Mwaka 1968 sheria ikafunga moteri za prototipu kwenye lita 3, na safari ya 2F ikaishia pale.

Sasa angalia: Powerglide, buwati ya Chevrolet ya 1950, mpaka leo inatumika katika mbio za mita 402. Juu ya nini? Sababu mbio zile zinaisha kwa sekunde chache, joto halipate muda wa kujikusanya. Kwa saa 24, joto lina muda wote. Sisi wa agronomia tunalijua jambo hilo: mahindi mabichi yaliyorundikwa ndani ya depo yanajipasha moto yenyewe, na bila hewa yanaoza.

Dawa zake zinajulikana. Ya kwanza ni kufunga kigeuzi gari ikishaenda mbio, ili magurudumu yale mawili yazunguke pamoja. Packard ilifanya hivyo tangu 1949. Ya pili ni kupitisha mafuta ndani ya radiatere, na kwa gari yenye nguvu, kuongeza radiatere ndogo ya mafuta peke yake, mbele, penye upepo. Ya tatu ni kupima joto la mafuta yenyewe, maana sindano ya maji ya moteri haisemi habari za buwati. Mafundi wana kanuni: kila digrii 10 zikizidi, maisha ya mafuta yanapungua karibu nusu.

Na jambo hili si la Le Mans tu. Gari ya otomatiki iliyojaa mizigo, inayopanda milima ya Bukavu polepole katika ambutiyaji, iko katika hali ileile: kigeuzi kinateleza sana, upepo hakuna. Wenzetu wengi wanaishi kwa kazi ya taksi. Kabla ya kununua gari, uliza mafuta ya buwati yalibadilishwa lini, chomoa kijiti, unuse. Yakinuka kuungua, joto lilishapita pale mbele yako.