Mpiga Kura na Shahidi: Intaneti katika Chaguzi za Kenya, 2007–2022

Neno kura, lililotoholewa kutoka Kiarabu, lilihusu kwanza kuamua jambo kwa bahati, pasipo mkono wa mtu. Katika chaguzi za Kenya, mkono wa mtu ndio hasa unaoshukiwa, na zaidi wakati wa kuhesabu. Athari ya intaneti kwa mpiga kura wa nchi hiyo haieleweki bila kuanzia hapo.

Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100. Januari 2008 Ory Okolloh na wenzake wakaanzisha Ushahidi, jukwaa lililopokea taarifa za ghasia kwa simu na mtandao na kuzionyesha kwenye ramani. Jina hilo lina uzito wake: istilahi ya mahakamani ilikabidhiwa raia yeyote mwenye simu. (Simu hizo hizo zilikuwa zimesambaza jumbe za chuki, jambo ambalo wanaoisifu teknolojia hulisahau upesi.)

Mwaka 2017 mvutano ulihamia kwenye seva, neno ambalo hadi hapo lilikuwa la mafundi. Tume ya uchaguzi haikutimiza kikamilifu agizo la kuifungua mitambo yake ikaguliwe, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais. Mwaka 2022 tume iliweka hadharani mtandaoni fomu 34A kutoka vituo vilivyozidi 46,000. Yeyote aliweza kujumlisha mwenyewe.

Hata hivyo, waliojitokeza walipungua kutoka takribani asilimia 86 mwaka 2013 hadi takribani 65 mwaka 2022, katika kipindi ambacho intaneti ilienea kwa kasi. Idadi ya vijana waliojiandikisha nayo ilishuka ikilinganishwa na 2017. Haifai kuulaumu mtandao peke yake. Ugumu wa maisha na uchovu wa ahadi vilikuwepo. Lakini dhana kwamba anayejadili siasa mtandaoni atapanga foleni kituoni haina mashiko. Mtandao ulimkuza shahidi kuliko mpiga kura, na shahidi huyo alikuwa na kazi: tarehe 5 Septemba 2022, majaji waliridhika kwamba fomu za mtandaoni hazikutofautiana na zile za karatasi.