Gogo la Krismasi lisilopita motoni: sikukuu nyuma ya kuta za Riyadh na Jeddah

Leo tunaelekea Saudi Arabia, na safari yetu itaishia jikoni.

Katika Ufalme wa Saudi Arabia hakuna kanisa hata moja, na tarehe 25 Desemba si sikukuu ya taifa. Hata hivyo, kwa miongo mingi wamekuwepo nchini humo Wakristo wengi kutoka nje: wanabalozi, wahandisi, wauguzi, madereva na watumishi wa majumbani. Miongoni mwao wamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Anayetaka kuijua historia ya Krismasi yao hataikuta katika majengo ya ibada. Ataikuta mezani, penye sahani ya gogo la chokoleti.

Gogo hilo lina asili ndefu. Hapo kale, katika sehemu nyingi za Ulaya, familia zilichoma gogo kubwa la mti mekoni usiku wa mkesha wa Krismasi. Meko makubwa yalipotoweka majumbani, wapishi wa Ufaransa wa karne ya 19 waliligeuza gogo kuwa keki, wakaipaka chokoleti na kuichora mfano wa gamba la mti.

Keki hiyo, hata hivyo, ilihitaji tanuri. Gogo lisilookwa lilingoja bidhaa za viwandani. Mwaka 1828 ukoo wa van Houten wa Uholanzi ulipata hataza ya kukamua mafuta ya kakao, na hapo ndipo kakao ya unga ilipoanza kuenea. Mwaka 1856 Mmarekani Gail Borden alipata hataza ya maziwa mazito yanayohifadhiwa koponi. Biskuti za siagi zikatengenezwa Nantes, Ufaransa, mwaka 1886, na Hannover, Ujerumani, mwaka 1891. Kisha, katika miaka ya 1920 na 1930, majokofu ya umeme yakaingia majumbani, kwanza Marekani, na watengenezaji wake wakachapisha vitabu vya mapishi ya vyakula vinavyogandishwa badala ya kuokwa.

Kila taifa likajitengenezea chake. Wataliano na Wareno walikiviringisha kwa umbo la soseji na kukitia mvinyo mkali. Wajerumani walipanga biskuti kwa tabaka na kuzigandisha kwa kakao na mafuta ya nazi, wakakiita chakula hicho "mbwa baridi". Hapo hata pwani yetu ina sehemu yake katika hadithi hii, kwani mbata za Unguja na Pemba zilikuwa miongoni mwa zile zilizosafirishwa Marseille kukamuliwa mafuta kwa ajili ya viwanda vya Ulaya. Katika nchi za Kiarabu kitamu hiki hujulikana kwa jina la Kiingereza lenye maana ya keki ya mvivu, na watoto wa Kiislamu hukila mwaka mzima bila kukihusisha na sikukuu yoyote.

Tufike sasa Jeddah. Mji huu wa bandari ya Bahari ya Shamu ndio uliokuwa makao ya mabalozi wa kigeni hadi walipohamishiwa Riyadh katikati ya miaka ya 1980. Novemba 1951, katika tafrija mjini humo, mwanamfalme Mishari bin Abdulaziz alimpiga risasi na kumuua makamu wa konseli wa Uingereza, Cyril Ousman. Mwaka uliofuata Mfalme Abdulaziz alipiga marufuku pombe nchini kote, kwa wageni pia. Gogo la chokoleti halikuathirika sana na amri hiyo. Palipotakiwa mvinyo, kahawa nzito au maji ya machungwa yalitosha.

Na namna ya kulitengeneza ni hii, mpenzi msikilizaji. Vunja gramu 400 za biskuti za kawaida ziwe vipande vidogo, usizisage zikawa unga. Yeyusha gramu 100 za siagi, ongeza vijiko vikubwa 5 vya kakao, kopo moja la maziwa mazito yenye sukari na hiliki kidogo. Changanya na biskuti pamoja na tende zilizokatwakatwa. Viringisha ndani ya karatasi ya nailoni na uweke katika jokofu usiku kucha. Asubuhi lipake chokoleti iliyoyeyushwa, na kabla haijakauka likwaruze kwa uma, mistari ya gamba itokee. Mwishowe linyunyizie nazi iliyokunwa na kukaushwa, iwe mfano wa theluji.

Angalieni jinsi kitamu hiki kilivyolingana na hali ya wageni hao. Vifaa vyake vyote ni vya dukani na havimtambulishi mnunuzi kwa dini yake. Aliyetoka kazini usiku aliweza kukitengeneza bila tanuri. Na pambo lake halikuwa msalaba wala nyota. Lilikuwa gogo tu, ambalo mwenye kulielewa alilielewa.

Uangalifu huo haukuwa woga usio na sababu. Serikali ilikuwa imetamka kwamba wasio Waislamu wangeweza kuabudu faraghani, lakini ahadi hiyo haikutimizwa daima. Tarehe 15 Desemba 2011, Waethiopia 35 walikamatwa mjini Jeddah, katika nyumba ya mmoja wao, walipokuwa wamekusanyika kwa sala kabla ya Krismasi. Wanawake walikuwa 29. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza Januari 2012 kwamba walituhumiwa kwa kosa la kuchangamana wanaume na wanawake wasio jamaa. Kwa mtumishi wa ndani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa hata jiko analopikia si lake, na mlango anaotaka kuufunga ni wa mwajiri.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Aprili 2016 polisi wa dini waliondolewa mamlaka ya kukamata watu. Mnamo Desemba 2020 vyombo vya habari viliripoti kwamba miti ya Krismasi na mapambo yake vilikuwa vikiuzwa waziwazi katika baadhi ya maduka ya Riyadh, vitu ambavyo miaka michache nyuma vilitafutwa kwa siri.

Lakini duka kuuza mapambo na mtu kuwa na mahali pa kusali ni mambo mawili tofauti. Makanisa bado hayapo, na likizo ya siku hiyo hutegemea hisani ya mwajiri. Ndiyo maana meza ingali na kazi ile ile ya zamani: kuwakusanya watu walio mbali na kwao, kwa saa chache, wagawane kipande cha gogo, waulizane habari za nyumbani, kisha kesho yake waamkie kazini.