Udhibiti wa opioidi na wagonjwa wa maumivu sugu (Marekani)

Msako dhidi ya opioidi za magendo nchini Marekani umewabana pia wagonjwa walioandikiwa dawa hizo kihalali. Kwa sheria ya mwaka 1970, opioidi kama mofini na oksikodoni zimo katika Jedwali la II: dawa ikiisha, cheti kilekile hakitumiki tena, ni lazima daktari aandike kingine. Idara ya kupambana na dawa za kulevya (DEA) hupanga kila mwaka kiasi cha kutengenezwa, na yaweza kumfutia daktari usajili.

Mwaka 2016 taasisi ya afya CDC iliwashauri madaktari waepuke kufikisha dozi inayolingana na miligramu 90 za mofini kwa siku. Ushauri tu, lakini bima na maduka ya dawa wakaugeuza ukuta. Waliozoea dozi moja kwa miaka wakapunguziwa ghafla. Wengine walisimama dirishani kwa mfamasia, cheti mkononi, wakarudi mikono mitupu. Aprili 2019 mamlaka ya dawa, FDA, ilionya kwamba kukatiza ghafla huleta arosto kali, hata kujiua. Mwongozo mpya wa CDC wa 2022 uliondoa kikomo cha miligramu 90 katika mapendekezo yake. Mwaka huohuo, katika kesi ya daktari Ruan, Mahakama ya Juu iliwataka waendesha mashtaka wathibitishe kuwa daktari alijua au alikusudia kuvuka idhini yake.