Msimbo wa kuandika namba (kerneli ya Linux)

Msimbo wa kuandika namba ni sehemu ya kerneli ya Linux inayogeuza thamani iliyohifadhiwa kwa biti kuwa tarakimu zinazosomeka. Kerneli haitumii maktaba ya C ya programu za kawaida, kwa hiyo ina msimbo wake katika faili la lib/vsprintf.c. Faili hilo lilianzia Helsinki mwaka 1991, pale Lars Wirzenius alipomwandikia mwanafunzi mwenzake Linus Torvalds sprintf, fanksheni ya kupanga thamani kuwa maandishi. Torvalds alikuwa bado hajajua kuandika fanksheni inayopokea vigezo vya idadi yoyote.

Simu ya Android ya mchuuzi wa Namatala, mjini Mbale, Uganda, huendeshwa na kerneli hiyohiyo. Mfumo ukitaka kujua kumbukumbu iliyobaki husoma /proc/meminfo, na tarakimu zake hutoka kwenye msimbo huu. Mkato ulio katika ujumbe wa malipo ya Sh 350,000 kwenye simu hiyo, hata hivyo, huwekwa na programu za juu. Kerneli haitengi maelfu.

Ugumu uko kwenye kugawanya kwa 10, maana prosesa hugawanya polepole kuliko inavyozidisha. Mwaka 2007 Denys Vlasenko aliingiza mbinu ya kuzidisha kisha kusogeza biti. Mwaka 2015 Rasmus Villemoes akaongeza jedwali la baiti 200 lenye jozi zote za tarakimu, 00 hadi 99. Namba 350000 sasa huchukuliwa kutoka kulia kwa jozi, 00, 00, 35, kisha hupinduliwa. Ni kazi nadhifu mno.

Usafishaji mkubwa ulifanywa na Torvalds mwenyewe Desemba 2024. Awali msimbo ulitofautisha aina nyingi za namba kamili, ingawa kadhaa kati yake zina ukubwa mmoja. Alibakiza mambo mawili: ukubwa kwa baiti, na kama namba inaweza kuwa hasi. Mabadiliko hayo yalitoka na toleo 6.14, Machi 2025.

Anayesafisha hapa hana ruhusa ya kusogeza hata nafasi moja, kwa kuwa programu nyingi husoma /proc kwa kutegemea mpangilio wake. Ndiyo maana majaribio ya Villemoes ya mwaka 2015, yanayolinganisha matokeo herufi kwa herufi, yana thamani kubwa.

Hata hivyo, matokeo ya %p, alama ya kuandika anwani za kumbukumbu, yalibadilishwa kwa makusudi. Tangu toleo 4.15 la Januari 2018, anwani hizo huvurugwa kwa ufunguo wa siri kabla ya kuandikwa, ili wavamizi wasizitumie.