Kura ya Luxembourg ya Mwaka 1919

Luxembourg, nchi ambayo mipaka yake ya leo iliwekwa kwa mapatano ya London ya mwaka 1839, ilikuwa ndogo mno kuweza kujitosheleza kwa biashara. Kwa hiyo iliingia katika umoja wa forodha wa Wajerumani mwaka 1842. Madini yake ya chuma yalikuwa na fosforasi nyingi, wala hayakuleta faida kubwa mpaka ilipogunduliwa njia ya Thomas ya kuyasafisha, mwishoni mwa miaka ya 1870. Ndipo tanuri za kusini zilipostawi kwa makaa ya Ujerumani.

Vita vya 1914–1918 vilipokwisha, umoja huo ulivunjika. Tarehe 28 Septemba 1919 raia, wanaume kwa wanawake, walipiga kura juu ya mambo mawili. Wengi walitaka Bibi Charlotte aendelee kutawala. Wengi pia walitaka kuungana na Ufaransa kwa uchumi. La kwanza lilitimia. La pili lilikataliwa na Ufaransa yenyewe, na mwaka 1921 mkataba ukafanywa na Ubelgiji.

Mwaka 1952 Jumuiya ya Makaa na Chuma ya Ulaya ilipoanza kazi mjini Luxembourg, nchi hiyo ilikuwa mshiriki mwenye kiti chake katika shauri la chuma, pamoja na Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji.